Leseni ya Bunduki Haifungui Lango la Kambi

Miongoni mwa wamiliki wa bunduki za leseni huku Nyanda za Juu Kusini kuna kauli inayotolewa kana kwamba haina mpinzani: kambi ya jeshi ndiyo mahali pa mwisho pa kumnyang'anya mtu silaha yake. Humo ndani, wanasema, wote wanaijua bunduki. Askari aliyefundishwa kulenga shabaha haogopwi kwa kuwa na bastola yake mwenyewe nyumbani, na mkulima wa Isimani au mfanyabiashara wa Mbalizi aliyepekuliwa na polisi mpaka akapewa leseni hastahili kusimamishwa langoni kama jambazi.

Naikataa kauli hiyo, ingawa najua kwa nini inavutia.

Bunduki ina heshima yake Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Wajerumani uliokuwa chini ya Emil von Zelewski, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake, wakaondoka na bunduki zao. Jina la mahali hapo ndilo ililopewa kambi ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa Colito. Mtu aliyekua akisimuliwa habari hizo huiona bunduki kama sehemu ya utu wake. Ukimwambia aiache langoni, anasikia kwamba humwamini.

Lakini kambi hiyo hiyo ina habari nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi hapo Colito, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Mwalimu Nyerere akalazimika kufichwa, na tarehe 25 uasi ukazimwa na wanajeshi wa Kiingereza waliotoka baharini. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Waasi wale hawakuwa watu wasiojua bunduki. Walifundishwa vizuri, na kufundishwa kwao hakukuzuia lolote. Kwa hiyo hoja kwamba ujuzi wa silaha ni dhamana ya usalama ilikwisha kupata jibu nchini mwetu kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Na yule raia mwenye leseni, mtu mzima, mwenye mali na jina? Tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alikwenda shambani kwa Said Mwamwindi huko Isimani wakati wa kuanzisha vijiji vya Ujamaa. Maneno yakawa makali. Mwamwindi akampiga risasi akamuua, akaupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaendesha mpaka polisi Iringa kujisalimisha. Baadaye alihukumiwa kifo. Watu wa Iringa bado wanabishana nani alimchokoza nani, na ubishi huo siuingilii. Ninachokitazama ni muda. Mwamwindi hakuwa mhalifu wa mitaani. Alikuwa mkulima mkubwa aliyefahamika. Kati ya hasira na kifo palikuwa na dakika chache, na bunduki ilikuwa karibu. Ingekuwa mbali, pengine wawili hao wangepelekana mahakamani, na Isimani ingekuwa na historia nyingine.

Sasa ihamishie hali hiyo kambini. Kambi ni makazi ya watu. Kuna nyumba za familia, kuna ugomvi wa mume na mke, kuna bwalo na vinywaji mwisho wa mwezi, kuna koplo aliyenyimwa ruhusa ya kwenda msibani na afisa aliyeinyima. Kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kama Mafinga na Itende zina kitu cha ziada: tangu utaratibu wa mujibu wa sheria uliporudi mwaka 2013, vijana waliomaliza kidato cha sita hupelekwa makambini wakiwa na umri wa miaka kumi na minane au kumi na tisa hivi, wengi wao mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza. Wanalala hanga moja, wanachoka, wanakemewa usiku na mchana. Siku ya kumaliza mafunzo wazazi na ndugu hufurika na magari. Bunduki ya kuwindia iliyofunikwa kwa turubai nyuma ya gari la mzazi, gari limeegeshwa, mwenyewe yuko uwanjani akipiga makofi: hiyo si bunduki ya mtu mahiri tena. Ni ya yeyote atakayefungua mlango wa gari.

Bunduki ya serikali ndani ya kambi ina namba na ina daftari. Anajulikana aliyeitoa ghalani na aliyeipokea ikirudi. Baada ya shabaha risasi huhesabiwa na maganda huokotwa. Mlio ukisikika saa nane za usiku, afisa wa zamu anaanzia kwenye daftari. Bastola ya mtu binafsi imo katika kumbukumbu za polisi, kama inavyotaka Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, lakini haimo katika daftari la kambi. Ikilia, kamanda hana pa kuanzia. Walinzi wake watamwona mtu gizani ameshika silaha, na hawatakuwa na muda wa kumwuliza leseni.

Wanaopinga hutaja Marekani. Tarehe 5 Novemba 2009, Meja Nidal Hasan aliua watu 13 katika kambi ya Fort Hood, Texas, na inasemwa kwamba wangekuwa na silaha zao wasingekufa. Hoja hiyo inasahau kwamba Hasan alitumia bastola yake binafsi, aliyoinunua dukani nje ya kambi na kuingia nayo. Inasahau pia kwamba waliomzuia ni polisi wa kambi waliokuwa kazini, wenye silaha za kazi. Hata Wamarekani walipolegeza masharti mwaka 2016, hawakuacha kila mtu abebe apendavyo: aliyetaka kubeba bunduki yake binafsi kambini alilazimika kupata kibali cha kamanda. Yaani bado kulikuwa na mtu mmoja aliyejua nani ana nini.

Wala sisi si wageni wa masharti kama haya. Mwenye bunduki halali haingii nayo Hifadhi ya Ruaha bila idhini, na sijasikia mtu akidai kwamba ametukanwa. Tunaelewa kuwa pale kuna kitu kinacholindwa. Tukilielewa hilo kwa tembo, tulielewe kwa makuruta wa Mafinga.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mtu atanikumbusha Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, ambako maghala ya mabomu ya jeshi yalilipuka na kuua raia, kisha aniulize kwa nini akabidhi mali yake kwa taasisi iliyoshindwa kutunza yake. Uchungu huo una haki. Lakini nikiutazama, naona unadai uangalifu zaidi na risasi chache zaidi zisizo na hesabu karibu na makazi ya watu. Haudai bunduki zaidi.

Upande wa jeshi pia una deni. Sheria ya maeneo yanayolindwa ipo tangu mwaka 1969, na mwananchi wa kawaida hajawahi kuisoma. Anayetoka Chunya na bunduki yake halali, akiwa na shughuli ya saa moja kambini, hapaswi kuijua sheria kwa kuamriwa alale chini. Langoni pawe na kibao cha Kiswahili kinachosomeka kutoka barabarani, kikimwambia asimame wapi, aseme nini, na asiiguse silaha mpaka aambiwe. Askari wa zamu aikague mbele yake, aitenge na risasi zake, aandike namba, ampe stakabadhi yenye saini. Akitoka, arudishiwe vilevile ilivyopokelewa, na aitwe mzee au mama kama anavyoitwa kwao.