Aliye Juu ya Mto Naye Ana Neno

Nambambo, hapa Nachingwea, iko mbali na bahari, lakini samaki hakosi chunguni mwetu. Ng'onda na papa mkavu hutufikia kutoka pwani, dagaa kutoka Ziwa Victoria. Ndiyo maana suala la uvuvi linatuhusu sisi wa Nachingwea na Ruangwa kama linavyomhusu mwenye ngalawa.

Ziwa Victoria lina samaki aitwaye ningu. Mvua zikijaza mito, huliacha ziwa akapanda Nzoia, Sondu, Mara na Kagera kwenda kutaga. Wajaluo walimsubiri kwa wigo na migono, na vijiji vya juu vikapata riziki. Katikati ya karne ya 20, nyavu za makila zikatandazwa kwenye midomo ya mito, zikanasa majike wenye mayai tumboni. Ningu akaadimika hata kabla sangara hajalitawala ziwa. Watu wa juu wakabaki na migono mitupu.

Leo Wayup'ik wa Alaska wanapitia msiba kama huo. Kwao samaki aina ya samoni ni akiba ya majira ya baridi na ni shule pia: kiangazi familia huhamia kambi za uvuvi, wazee wakawafundisha watoto kupasua samaki, kumwanika na kumkausha kwa moshi. Mwaka 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusitisha kwa miaka 7 uvuvi wa samoni aina ya chinook katika mto Yukon. Wataalamu wanataja joto la maji miongoni mwa sababu. Lakini wenyeji wanauliza, na wana haki ya kuuliza: mbona nyavu zetu zimeanikwa, na meli zinazovua samaki wengine katika Bahari ya Bering bado zinanasa samoni?

Swali hilo ni letu pia, kwani nasi hulipia yanayotendwa majini mbali nasi. Mvuvi haramu akilipua baruti mwambani Kilwa au Mtwara, huharibu mazalia, na riziki inayopotea ni ya mvuvi, ya mchuuzi na ya mlaji wa bara. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inatambua vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vinavyolinda rasilimali pamoja na serikali. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Wachuuzi wetu wakatae samaki wa baruti, na madiwani wa Nachingwea na Ruangwa wakae meza moja na wenzao wa pwani kabla mazalia hayajaisha.