Yeremia 29:11 na aya zinazoizunguka
Aya ya Yeremia 29:11, ambayo katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi huonekana kwenye matatu na kalenda za ukutani, husomwa kwa kawaida kama ahadi ya mafanikio ya karibu, ilhali ni sehemu ya barua ya nabii kwa Wayahudi waliopelekwa uhamishoni Babeli, na aya inayoitangulia inataja miaka 70, muda ambao wengi wa walioandikiwa wasingeumaliza wakiwa hai. Muktadha, yaani maneno yanayoizunguka aya pamoja na hali ya walioipokea kwanza, haupunguzi tumaini la aya hiyo bali hulipa uzito. Barua hiyohiyo inawaagiza wahamishwa wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea mema mji wasioupenda, agizo ambalo (na hapa wahubiri wengi hupita mbio) lingewagusa hasa wakazi wa Kaloleni, mtaa wa Eastlands uliojengwa miaka ya 1940 wakati serikali ya kikoloni ilipomhesabu Mwafrika mjini kama mpita njia, na vilevile wapangaji wa mitaa jirani ya Kayole na Umoja ambao hadi leo huita mashambani pekee nyumbani. Mwaliko wa barua hiyo kwa wahamishwa umo katika aya ya 12 na ya 13, ambamo Mungu anataka atafutwe kwa moyo wote, huko huko Babeli, kabla ya safari ya kurudi. Muktadha huigeuza vivyo hivyo Ufunuo 3:20, ambamo Yesu anasimama mlangoni akibisha: aya hiyo, inayotumiwa kwenye mikutano ya injili kuwaita wasioamini, iliandikiwa kanisa la Laodikia, kwa hiyo wa kwanza kuufungua mlango huenda ni mzee wa kanisa aliyeketi kiti cha mbele.