Volti za bei nafuu zisimmalizie mkulima betri

Mkulima wa nyanya anayemwagilia kwa matone anaweza siku hizi kutengenezewa na fundi wa mtaani kifaa cha kufungua maji alfajiri na kuyafunga bila yeye kuwapo shambani. Ndani yake mna chipu ndogo ya kuongoza mitambo, ambayo mafundi huiita maikrokontrola, betri ya lithiamu ya volti 3.7 na paneli ndogo ya jua. Tatizo huanzia kwenye vali ya maji, kwa kuwa vali nyingi za umeme hutaka volti 12.

Hapo ndipo fundi hutafuta namna ya kupandisha volti. Njia zipo, tena za gharama ndogo. Kosa ni kupandisha volti ya kifaa kizima, saa zote, kwa mazoea tu. Kifaa cha namna hiyo hufanya kazi vizuri siku ya kukabidhiwa, kisha hukata roho baada ya siku mbili tatu za mawingu, nyanya zikiwa kwenye maua.

Kwanza, chipu yenyewe mara nyingi haihitaji kupandishiwa chochote. ATmega328P, iliyomo kwenye bodi za Arduino Uno, hufanya kazi kwa volti 1.8 hadi 5.5, ingawa volti ikiwa ndogo lazima kasi yake ipunguzwe. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, na ikikaribia kuisha ina 3. Basi chipu na iunganishwe moja kwa moja. Fundi anayeipandishia hadi 5 kwa sababu tu alijifunza kwa volti 5 anamlipisha mteja mazoea yake.

Panapotakiwa volti zaidi kwa kazi nyepesi, kama kufungua transista ya MOSFET inayowasha pampu, dayodi mbili na kapasita mbili zinatosha. Pini ya chipu huwashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde. Kapasita ya kwanza hujaa ikiwa chini, kisha huinuliwa na kumimina chaji kwenye ya pili, kama mtu anayejaza ndoo kisimani na kuimimina kwenye pipa lililo juu. Volti 5 huwa kama 8.6, kwa kuwa kila dayodi ya kawaida hula 0.7. Lakini ndoo ni ndogo, miliampea chache tu. Haiwezi kushikilia vali.

Kwa mzigo mkubwa kidogo hutumika koili. Bodi ndogo zenye chipu ya MT3608 huuzwa zikiwa tayari. Hupokea volti 2 hadi 24 na kutoa hadi 28. Skrubu iliyo juu yake ndiyo hupanga volti, na ipangwe kwa mita kabla ya kuunganisha kitu chochote. Chipu ya volti 5 ikipewa 20 haisubiri maelezo.

Hata hivyo, hakuna bodi inayozalisha umeme. Vali ya volti 12 inayokula ampea 0.4 hutumia wati 4.8. Bodi ikipitisha asilimia 80 ya umeme inaopokea, betri ya volti 3.7 hulazimika kutoa wati 6, yaani ampea zipatazo 1.6. Maji yakifunguliwa saa moja na nusu, betri ya ampea-saa 2.5 imekwisha. Tena kadiri betri inavyochoka ndivyo bodi inavyovuta ampea nyingi zaidi ili itoe zile zile 12. Na kwa kuwa bodi hukubali hadi volti 2, betri iliyopaswa kuachwa kwenye 3 huweza kunyonywa mpaka ikaharibika.

Ipo vali ya aina nyingine, inayobaki kama ilivyoachwa. Mpigo mfupi wa umeme huifungua, na mwingine wa kinyume huifunga. Hapo bodi hujaza kapasita kubwa taratibu, kapasita hutoa mpigo, kisha bodi hukatwa kabisa na betri. Kwa siku ni mara mbili tu. Kazi ya namna hii ndiyo inayostahili kupandishiwa volti. Asiyeipata vali hiyo ni afadhali anunue betri ya pikipiki ya volti 12, vali iunganishwe humo moja kwa moja, na chipu ishushiwe volti. Ni nzito kubeba, lakini si ya kuisha kwa saa moja na nusu.

Kabla ya malipo ya mwisho, mteja amtake fundi aweke mita kati ya betri na kifaa, vali ikiwa wazi na ikiwa imefungwa, na namba zote mbili ziandikwe kwenye risiti. Vali ikiwa imefungwa na mita bado inasoma makumi ya miliampea, kifaa kirudi mezani kwa fundi.