Nani Kasema Busia Haina Majengo ya Historia?

Kuna imani iliyozoeleka, hata miongoni mwa wenyeji waliosoma, kwamba majengo ya historia ni mambo ya Lamu na Mombasa, ilhali Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, ni vituo vya malori tu: watu hupita, hulipa ushuru, hulala gesti usiku mmoja na kuendelea na safari. Kwa mtazamo huo, jengo la zamani likibomolewa ili ghorofa la maduka lisimame, hakuna kilichopotea. Imani hii ni ya uongo, na ubaya wake ni kwamba hujitengenezea ushahidi. Tukishakubaliana kwamba hakuna cha kuhifadhi, hatuorodheshi, tusipoorodhesha, tunabomoa, tukishabomoa, tunaonyesha kiwanja kitupu na kusema, si mnaona hakuna kitu?

Tuanze na Malaba. Kabla ya reli kupita hapa, mzigo wa Uganda ulishushwa Kisumu na kuvushwa ziwa kwa meli hadi Port Bell. Njia iliyopitia Eldoret, Malaba na Tororo, na kufika Kampala mwaka 1931, ndiyo iliyoihamishia biashara hiyo nchi kavu. Kwa miongo kadhaa shirika moja la reli lilihudumia pande zote mbili za mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika hilo kugawanywa, Malaba ikawa mahali pa kukabidhiana mabehewa kati ya nchi mbili. Anayetaka kumweleza mwanafunzi maana ya kuvunjika kwa Jumuiya hatapata pahali pa kumpeleka panapofaa kuliko stesheni hiyo. Busia nayo ina Alupe, nje kidogo ya mji, palipokuwa na kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki nzima kabla ya KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kurithi kazi hiyo. Mji uliowahi kubeba utafiti wa eneo zima haustahili kuitwa kituo cha malori.

Wanaokana haya huwa wamefunga historia kwenye vitu viwili: uzee na uzuri. Wanatafuta ngome ya mawe na milango ya nakshi, na wasipoiona wanahitimisha kwamba mji hauna jadi. Sheria yenyewe haisemi hivyo. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inaruhusu jengo la umri wowote litangazwe kuwa mnara wa kumbukumbu, mradi liwe na thamani ya kihistoria, kiutamaduni au hata ya kiteknolojia. Na kwa wanaong'ang'ania uzee, Kaunti ya Busia ina Kakapel, kule Teso Kaskazini, pango lenye michoro ya kale ambalo limekwisha kutangazwa turathi ya taifa. Wachimbaji wa mambo ya kale walipata humo mabaki ya kunde ya takribani miaka 2,300, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2024. Pango hilo lilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kulitafiti. Mjini bado tunasubiri jicho kama hilo.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni nzito: majengo mengi tunayoyazungumzia ni ya mkoloni, kwa nini tumtunzie kumbukumbu? Lakini mkoloni hakuacha majengo tu, aliacha mpaka. Hadi mwaka 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, kisha likahamishiwa upande wa Kenya kwa uamuzi wa London. Wateso na Wasamia wakabaki wamegawanyika, ndugu huku na ndugu kule. Mwaka 1976 Idi Amin, rais wa Uganda, aliibua madai juu ya ardhi ya magharibi mwa Kenya kwa kutumia historia hiyohiyo. Mpaka bado unaamua nani anaitwa mfanyabiashara na nani anaitwa mtu wa magendo. Ofisi za forodha, maghala na nyumba za makarani ni ushahidi wa jinsi mgawanyiko huo ulivyotekelezwa. Kuubomoa ushahidi hakumwadhibu mkoloni; kunamfutia mashtaka.

Hoja ya pili ni ya tumbo: mji unahitaji soko, maegesho na hospitali, na wenye viwanja wana haki ya kupata faida. Ni kweli, na hakuna anayedai kila ukuta wa tofali usiguswe. Lakini jengo la zamani linaweza kuwa maktaba, zahanati au ofisi ya ushirika likiwa bado limesimama. Jinja, upande wa pili wa mpaka, majengo ya zamani ya reli yamegeuzwa makumbusho. Na ikiwa kiwanja ni cha mtu binafsi, kaunti inaweza kumpunguzia ada ya ardhi kama fidia ya kulitunza jengo, badala ya kumwachia mzigo peke yake.

Wala mtu asituambie kazi hii ni ya Nairobi. Katiba ya mwaka 2010 imeiachia serikali ya kitaifa minara yenye umuhimu wa taifa, lakini imezipa kaunti jukumu la makumbusho na shughuli za utamaduni. Na wakati haungoji. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Busia mwaka 2018, na mpango wa kufikisha reli ya kisasa (SGR) Malaba uko mezani. Kila mfumo mpya huacha nyuma majengo ya mfumo uliotangulia, na hapo ndipo tingatinga huingia. Bunge la Kaunti ya Busia litunge sheria inayodai orodha ya majengo ya umma ya zamani, yenye picha, ramani na jina la mwenye dhamana, na izuie kibali chochote cha kubomoa kabla orodha hiyo haijakaguliwa. Anayeamini kwamba Busia haina historia hana sababu ya kuiogopa orodha hiyo: akiwa na haki, itatoka tupu.