Mazungumzo ya Jamaa: Ruzuku Isiliwe Nzima

Baba mmoja wa Likasi ametuuliza hivi: "Watoto wetu hucheza michezo ya kuigiza, na watu huwasifu. Sasa wanataka kuomba ruzuku kwa serikali, wapate kucheza kila mwezi katika nyumba ya sanaa. Je, tuwaruhusu ama tuwakataze?" Swali hili ni la maana, kwani fedha ya watu wote yaweza kulilea kundi, tena yaweza kuliua.

Jibu letu ni hili: waombe, lakini wasitie uhai wa kundi mkononi mwa mtoaji. Tazameni mambo yaliyotokea kwetu Katanga.

Mwaka 1956 jumba kubwa la michezo ya kuigiza lilifunguliwa katika mji wa Lubumbashi, ambao wakati ule uliitwa Elisabethville. Jumba hilo lingali limesimama, lakini baadaye likaitwa Jengo la Tarehe 30 Juni, na wajumbe wa jimbo wakaingia humo kufanya mikutano yao. Jukwaa likageuka bunge. Mwenye nyumba akiitaka nyumba yake, mgeni atasema nini?

Hali kadhalika kampuni ya machimbo. Union Minière, na baada yake Gécamines tangu mwaka 1967, iliwatunza wafanyakazi na jamaa zao kwa nyumba, unga, shule, hospitali, hata burudani. Wazee wa Likasi wanayakumbuka hayo. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba. Mwaka 2003 hata tani 20,000 hazikufika. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kazini. Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba.

Lakini mwaka ule ule wa 1986, kundi la Mufwankolo, lililojulikana sana kwa michezo yake ya Kiswahili katika televisheni, lilikwenda kijijini Kawama, karibu na Lubumbashi. Huko likacheza mchezo juu ya chifu na watu wake. Jina la mchezo lilitolewa kwa Kifaransa, na maana yake ni kwamba utawala huliwa mzima. Hapakuwa na pazia wala taa za jukwaani. Kijiji chenyewe kilikuwa jukwaa. Televisheni iliupiga picha mchezo huo, lakini maneno yalitoka kwa wachezaji wenyewe. Hawakuandikiwa kitabu cha kukariri, bali waliyatafuta pamoja katika mazoezi. Wachezaji hao walikuwa na mizizi tangu miaka ya 1950. Serikali zilibadilika, majina ya miji yalibadilika, nao wakaendelea kucheza, kwa sababu mali yao ilikuwa ustadi wao na lugha ya watu wao.

Basi, vijana wa Likasi, shikeni mambo matatu.

Kwanza, ruzuku inunue vitu vitakavyobaki. Nunueni nguo za mchezo, taa, ngoma. Mlipeni fundi awafundishe wadogo. Ikiishia katika karamu na posho, mwaka wa pili mtaanza tena mikono mitupu.

Pili, pawe na daftari. Mmoja ashike fedha, mwingine aandike, wa tatu akague. Tena hesabu isomwe mbele ya wazazi, kwani fedha ya serikali imetoka katika kodi ya mama auzaye mboga sokoni. Hata mtazamaji atoe kiingilio kidogo, ili kundi lisimfikirie mtoaji mmoja tu.

Tatu, msiuze ulimi. Mkubwa aliyetoa fedha ashukuriwe kwa heshima, lakini asipangiwe mchezo wa kumsifu kila mwezi. Watu wakiona mchezo umekuwa hotuba, watabaki nyumbani, na ukumbi mzuri utakaa mtupu.

Nanyi baba na mama, msiseme mchezo ni kazi ya wavivu. Mtoto anayejifunza kusema mbele ya watu, kumngoja mwenzake na kufika mazoezini kwa saa yake, amekwisha kupata mafunzo makubwa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo: ruzuku ni ya kuazima, ustadi ni wake mwenyewe.

Wazee husema utawala huliwa mzima. Ruzuku isiliwe hivyo. Igawanywe, ihesabiwe, ibakize mbegu.