Komando hapimwi kwa mzigo wa mgongoni tu

Kila mara redio inapotangaza kwamba kikosi maalum kimetumwa upande wetu, watu hupata tumaini. Hata katika kambi za wakimbizi wa ndani utasikia wababa wakiambiana: "Hao si askari wa kawaida, hao ni makomando." Ni kweli, mafunzo yao ni magumu. Lakini ugumu huo unamsaidia nini raia?

Kila nchi huchuja makomando wake. Uingereza, wanaotaka kuingia kikosi cha SAS hupandishwa milima ya Wales wakiwa na mzigo mzito na ramani, na muda wao unahesabiwa. Wengi hushindwa. Mwaka wa 2013, askari watatu wa akiba walikufa kwa sababu ya joto baada ya zoezi la aina hiyo. Wakubwa wao hawatafuti misuli peke yake. Wanataka kujua kama mtu akichoka, akiwa na njaa na hakuna anayemwangalia, bado atafuata amri na kutumia akili.

Sisi wa mashariki ya Kongo tunalijua jibu la swali hilo kwa uchungu. Mwaka wa 2010, Wamarekani walifundisha kikosi cha makomando cha 391 cha FARDC pale Kisangani, askari karibu 750. Mafunzo yalichukua miezi mingi. Walifundishwa vita, walifundishwa haki za binadamu na kuheshimu wanawake, hata kulima na kufuga samaki ili wajilishe. Baadaye walipelekwa upande wa Dungu dhidi ya LRA, kisha Kivu kupigana na M23.

Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka wa 2012, Goma ilianguka. Jeshi lilirudi nyuma ovyo hadi Minova, katika Kalehe. Yaliyotokea hapo wamama wa Minova hawajayasahau. Umoja wa Mataifa ulihesabu wanawake 102 na wasichana 33 waliotendewa ukatili wa kingono na askari wa serikali, na kikosi cha 391 kilikuwa kati ya vikosi vilivyotajwa. Mahakama ya kijeshi ilihukumu mwaka wa 2014: kati ya washitakiwa 39, wawili tu walipatikana na hatia ya kubaka.

Kwa hiyo mafunzo ni bure? Hapana. Mwaka wa 2013, Kanali Mamadou Ndala aliongoza kikosi cha makomando cha 42 kaskazini mwa Goma. Uvumi uliposambaa kwamba anaitwa Kinshasa, wakaaji wa Goma waliingia barabarani kupinga. Raia hawaandamani kumtetea mkubwa wa jeshi wanayemwogopa. Mwezi wa 11 mwaka huo M23 ilishindwa.

Maoni yangu ni haya: mchujo wa komando hauishi siku anapopewa kofia. Unaendelea kila mwezi ambapo mshahara haufiki, kila siku chakula kinapokosa mstari wa mbele, kila usiku mkubwa anapotangulia kukimbia na kuacha vijana wake bila amri. Askari mwenye njaa na bunduki, asiye na mkubwa wa kumzuia, ni hatari kwa raia. Akiwa amefundishwa sana, hatari hiyo inazidi.

Wakubwa wetu wakituambia tena kwamba makomando wanakuja, tuwapokee vizuri, kisha tuulize bila woga. Wanalipwa? Wanakula nini? Nani anawaongoza, na mama akitendewa ubaya atamshitaki wapi? Familia iliyo chini ya hema inataka kurudi kwenye shamba lake na kulala bila kusikiliza kama mlango unasukumwa. Mpaka iweze kulala hivyo, tusiseme kwamba mafunzo yamefaulu.