Garanti ya mpangaji si mabati ya mwenye nyumba

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo 4, na Kamina ikawa makao makuu ya Haut-Lomami. Tangu hapo mji huu wa reli na kambi ya jeshi umepokea wapangaji wengine: watumishi wa serikali ya jimbo, wafanyakazi wa mashirika, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kamina. Umepata pia wenye nyumba wapya, ambao wengi wao si matajiri. Kuna mstaafu wa SNCC, shirika la reli lililojulikana kwa miaka mingi kwa malimbikizo ya mishahara. Kuna mwalimu mwenye lupango kubwa aliyeongeza vyumba 2 nyuma ya nyumba. Kuna mjane aliyebaki na nyumba na watoto wa kusomesha. Kwao kodi ya chumba ndiyo pensheni.

Kosa la kwanza la wengi wao hufanyika siku ya furaha. Mpangaji analeta garanti, pesa zinahesabiwa mbele ya komisioneri, ufunguo unatolewa. Kabla ya wiki kuisha, pesa hizo zimekuwa mabati, saruji au mlango wa chumba cha pili. Mwenye nyumba hahisi kwamba amekopa. Lakini amekopa, na mkopeshaji wake analala ndani ya nyumba yake.

Sheria namba 15/025 ya Desemba 31, 2015, inayohusu upangaji wa nyumba zisizo za biashara, inaweka kikomo cha garanti kwa nyumba ya kuishi kuwa kodi ya miezi 3. Garanti ni dhamana: ni mali ya mpangaji iliyowekwa mikononi mwa mwenye nyumba, na hurudishwa anapohama ikiwa hana deni wala hajaharibu kitu. Kwa mfano, nyumba ya faranga 60,000 kwa mwezi haipaswi kudaiwa garanti ya zaidi ya 180,000.

Ugomvi huanza siku ya kuhama. Mpangaji anadai chake, mwenye nyumba hana kitu, na jibu linakuwa: "Ngoja apatikane mwingine." Garanti ya mpangaji mpya inamlipa wa zamani, na deni linarithiwa kutoka mtu hadi mtu. Wapangaji nao wamejifunza kujilinda. Wanaacha kulipa miezi ya mwisho ili "wale" garanti yao. Hapo mwenye nyumba anapoteza kinga yake: kioo kikiwa kimevunjika au bili ya umeme imebaki, hakuna pesa ya kufidia.

Watakaomtetea mwenye nyumba mdogo wana hoja. Benki haimkopeshi kwa urahisi mtu asiye na mshahara wa uhakika, na mvua za Oktoba hazisubiri paa likamilike. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake si kutumia dhamana kimyakimya. Anayehitaji pesa za kumalizia ujenzi aombe kodi ya mbele, iandikwe kuwa ni kodi, na miezi hiyo ihesabiwe kuwa imelipwa. Au amalize chumba kimoja vizuri, akipangishe, kisha kodi yake ijenge cha pili. Ni safari ndefu zaidi, lakini haina mdai mwishoni.

Kujipanga kunaanza kabla ya mpangaji kubisha hodi. Kwanza ni haki ya kupangisha. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ardhi ni mali ya taifa, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha usajili. Karatasi ya mauziano peke yake haitoshi. Nyumba iliyoachwa na baba nayo haipangishwi na mtoto mmoja kana kwamba ndugu zake hawapo. Pili ni mkataba ulioandikwa, wenye kiasi cha kodi, kiasi cha garanti na masharti ya kuhama. Tatu ni kukagua nyumba pamoja siku ya kuingia: milango, madirisha, paa, choo, kila kitu kiandikwe na wote wawili watie sahihi. Nne ni ushuru. Katiba ya 2006 inataja ushuru wa mapato ya nyumba za kupangisha miongoni mwa ushuru wa majimbo na mamlaka za chini yake, hivyo kiwango chake kiulizwe kwenye idara ya mapato kabla ya kupanga bei.

Serikali ya jimbo ina sehemu yake pia. Mkataba wa Kifaransa unaosainiwa na watu wanaoongea Kiswahili na Kiluba humlinda tu anayeuelewa. Ofisi za komuni zingeweza kutoa mfano mmoja rahisi katika lugha hizo, na mashefu wa kata wakausoma kwa sauti kabla ya ufunguo kutolewa. Gharama yake ni karatasi chache.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye nyumba mpya wa Kamina anahitaji daftari hilo, na bahasha moja ya garanti isiyoguswa. Siku mpangaji atakapofunga virago, bahasha hiyo ndiyo itakayoamua kama wataagana kwa mkono au kwa shefu wa kata.